Ile nyumba yenu ya Bura

Wakesho dadangu,

Habari za Rongai? Watoto wazima? Na shemeji, lile gari bado linasukumwa na majirani kila Jumatatu asubuhi? Sisi huku Mwatate tupo, joto ni lile lile, Neema yuko gredi ya nne sasa na ameanza kunijibu kama nyanya yake. Wewe ulinyamaza, mimi nikanyamaza, basi tusilaumiane, tuite droo.

Nina ombi lakini wacha kwanza nilalamike, maana nakujua, ukisoma neno ombi macho yanaruka mpaka chini kuangalia ni shilingi ngapi. Sitaki kukopa. Endelea kusoma.

Landlodi amepandisha kodi. Kutoka 6,500 mpaka 9,000, kuanzia mwezi ujao, na habari yenyewe ameileta kwenye grupu ya wapangaji saa nne usiku na zile emoji za mikono ya kuomba, ati "wapendwa wapangaji, gharama za maisha." Grupu ikanyamaza kabisa. Halafu yule fundi wa simu wa chumba cha tatu akaandika "Amina" na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa anakubali ama anaomboleza.

Na hiyo 9,000 ni ya nini? Unaikumbuka bedsita yangu, ulilala pale siku ya harusi ya Mghoi. Ukifungua mlango wa kabati la jikoni, mlango wa choo haufunguki. Maji yanakuja siku mbili kwa wiki yakijisikia, siku zingine nanunua kwa yule kijana wa mkokoteni, na hili linaniuma zaidi ya yote kwa sababu bomba la chemchemi ya Mzima limepita kaunti yetu hii hii ya Taita Taveta likipeleka maji Mombasa na sisi tunaliangalia tu. Stima ni mita moja vyumba vinne, tunachangishana tokeni sawa kwa sawa, na wa chumba cha pili ana friji na anauza barafu. Sawa kwa sawa!

Sasa najua utasema 9,000 ni nini Mkamburi, huku Rongai hiyo inalipia nini. Kila mtu wa Nairobi nikimwambia kodi yangu ananicheka, ati uko mashambani na unalalamika. Lakini wewe unapiga hesabu ya kodi peke yake, mimi napiga kodi juu ya mshahara. Mshahara wa zahanati ni 30,000 kabla hawajashika makasi. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo 450 imeenda. SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, hiyo 825 imeenda. NSSF wa pensheni nao wanachukua chao. Kwa hivyo 9,000 ni theluthi moja na kitu ya kile kinachonifikia mkononi, na huku hakuna ile ya kusema jioni nitafanya kibarua kingine, kibarua gani na stendi ikifika saa mbili usiku ni mbwa tu na askari wa kaunti. Na hiyo 450 ya ushuru wa nyumba usinianzishe. Nilijiandikisha Boma Yangu, ule mpango wa nyumba za serikali, zamani, sheria yenyewe ya 2024 imetaja mpaka nyumba za mashambani, vizuri sana, napongeza, lakini zile ni za kununua polepole, unaweka dipositi kisha unalipa miaka na miaka. Mimi nataka pa kulala mwezi ujao.

Nilimpigia landlodi. Nikaongea kwa adabu, baba shikamoo, tusaidiane. Akasema ni KRA, wale watoza ushuru wa serikali, wamemfikia. Nikamwambia lakini si ile kodi ya mapato ya nyumba ilipunguzwa, ilikuwa asilimia 10 na kuanzia Januari 2024 ikawa 7.5? Akasema ndiyo mwanangu ilipunguzwa, lakini wakati ni 10 nilikuwa silipi. Wakesho niliishiwa maneno. Huyu mzee simchukii kwa kweli, ni mkweli kuliko wengi.

Basi nikamuuliza Mghoi, si yuko pale kortini Voi, nikamwambia hakuna sheria ya kuzuia mtu kuamka tu na kuongeza 2,500 kwa mkupuo? Akacheka mpaka nikakasirika. Akaniambia sheria ipo, ya tangu kabla ya uhuru, na ina mpaka mahakama yake maalum ya kusikiza wapangaji, ila inagusa nyumba ambayo kodi yake haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi. Yaani kodi nzima ya nyumba inayolindwa ndiyo mimi nimeongezwa kwa siku moja. Kuna mswada uliletwa 2021 wa kubadilisha haya mambo ukaishia huko huko bungeni. Kwa hivyo kwa mtu kama mimi kilichopo ni notisi, kama unalipa mwezi kwa mwezi akitaka uhame lazima akupe mwezi mzima, hiyo iko kwa sheria ya ardhi ya 2012, lakini bei yenyewe ni wewe na yeye na Mungu.

Na usidhani nyumba za 2,500 hazipo. Ipo moja, nilienda kuiona. Iko kule chini kabisa ukipita mashamba, kuta za mabati, choo cha nje, na mwenyewe mama mzuri sana, alinipa mpaka uji. Akaniambia hapa hakuna shida yoyote mwanangu, ila tu ikishafika saa mbili usiku usitoke kwenda choo, maana ndovu wanapita hapo hapo wakitafuta maji. Akanionyesha kona ya choo imelala upande, mabati yamekunjwa kama karatasi ya mandazi, akasema huyo alikuwa anajikuna tu. Yaani nyumba pekee ambayo sheria inanilinda na landlodi ni ile ambayo hakuna wa kunilinda na ndovu. Neema alivyosikia akasema tuhamie kesho.

Nimejiuliza sana hii bei inatoka wapi maana Mwatate unaikumbuka ilivyokuwa, stendi, posta, maduka ya kuhesabika, chumba ulikuwa unaomba na unapewa. Kwanza kaunti zilipokuja 2013 wakaja maafisa na posho zao na wote walitaka choo ndani. Halafu reli mpya. Wale mainjinia na makandarasi walilipa nyumba za Voi bila hata kuuliza, landlodi akitaja tu wanatoa, na treni ilipoanza kubeba abiria 2017 wao wakaondoka lakini bei haikupanda treni na wao, ilibaki, na sisi wa Mwatate tukaiga bei ya Voi bila kuiga barabara zake. Chuo chetu cha Taita Taveta nacho kikawa chuo kikuu kamili 2016 na wanafunzi wanajibana wanne kwa bedsita, sasa mimi na Neema nitashindanaje na watu wanne wanaochanga? Na kujenga zingine ni pa kujenga wapi. Zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, ukitoa Tsavo kuna ranchi, ukitoa ranchi kuna mkonge, na kile kilichobaki sehemu kubwa haina hati miliki, na bila hati benki haikusikizi. Kwa hivyo mwenye vyumba vinane vya matofali huku ni mfalme mdogo. Wacha tu.

Sasa nisikize hapa.

Nilipanda Bura juzi kwa mazishi ya mzee wa mahindi, najua ulipata habari, poleni. Baada ya maziko nikateremka kwa miguu kutoka misheni, na njiani nikaanza kuangalia nyumba. Sita zimefungwa kwa kufuli. Wakesho, nyumba nzuri, za matofali, vioo, zingine zina sola juu ya paa, tanki la maji kando, na ua umeota nyasi mpaka kwenye ngazi. Za wenyewe wako Mombasa, Nairobi, mmoja yuko Qatar. Zinafunguliwa Desemba, zinafagiliwa, zinalaliwa mpaka mwaka mpya, zinafungwa. Mimi huku chini nilipe 9,000 nisifungue kabati na choo kwa wakati mmoja, na kule juu vyumba vya kulala vinalaliwa na popo. Sijui kwa nini hili hatulisemi. Kila mtu anasema nyumba hakuna, nyumba hakuna. Nyumba ziko, ila ni za nyumbani, na nyumba ya nyumbani haipangishwi, ndivyo tulivyolelewa.

Ya saba ilikuwa yenu.

Nilisimama langoni. Sikuingia maana sikuwa nimekuuliza, lakini nilizunguka kwa nyuma kupitia kwa mama Shako. Mchwa wameingia Wakesho. Ule mlango wa jikoni, njia yao ya udongo imepanda kwenye fremu upande wa kulia mpaka usawa wa kitasa, niliibonyeza kwa kidole na mbao ikaingia ndani, laini. Gata ya upande wa mgomba imeanguka, maji ya mvua yanapiga ukuta moja kwa moja na plasta imeanza kubanduka kwa chini. Kaburi la mzee wenu liko sawa, mama Shako analifyeka, lakini yeye mwenyewe magoti yanamsumbua, mpaka lini?

Basi ombi ni hili. Nipangishieni. Nimeshalipiga hili jambo hesabu mara nyingi usiku. Nitalipa 4,000 kila tarehe tano, iende kwa simu ya mama yenu moja kwa moja, na hapo nasisitiza ya mama, tunaelewana. Nikiongeza nauli yangu ya kushuka kazini inafika kama 7,500 kwa mwezi, kwa hivyo sitajifanya eti naokoa mali, lakini ni vyumba vitatu na jiko la kweli na maji ya mlimani, na Neema atakuwa na pa kukimbia. Mlango wa mchwa na gata nitatengeneza mimi, fundi ninaye, tutakata kwenye kodi mkikubali na msipokubali tutaongea. Chumba cha mzee kifungwe na vitu vyake vyote na ufunguo mkae nao nyinyi, sitaki hata kujua kuna nini. Desemba mkija mnanikuta nimehamia kwa mama Shako na godoro langu mpaka muondoke.

Kaka Mwadime najua atakataa. Nimeshamsikia kichwani, "nyumba ya mzee haipangishwi." Na simlaumu, kuna watu wameingia kwa boma za wenyewe kama wapangaji na mwishowe wamepanda miembe na kesi iko kwa chifu mwaka wa kumi. Mwambie tuandikiane, mwaka mmoja mmoja, mashahidi wawili, kwa chifu ama kwa wakili atakavyo yeye. Hata mhogo sitapanda bila kuuliza. Lakini mwambie pia, kwa heshima, kwamba marehemu mzee aliijenga ile nyumba chumba kwa chumba kwa pesa ya kukata mkonge, mimi na wewe tulibeba yale mawe ya msingi tukiwa na sketi za shule, na sidhani aliijengea mchwa.

Pengine nimeongea sana. Lakini nikifikiria nitoe 9,000 kwa kile chumba, alafu mwaka kesho emoji zingine za mikono... hapana.

Sasa nijibu, na unijibu yote si lile moja rahisi. Mama anarudi Bura ama ameamua kukaa Mombasa? Nimpigie mwenyewe ama unianzie wewe kwanza, maana yeye nitamwambia vizuri ila nikisikia sauti yake nitalia na mazungumzo yataharibika? Ufunguo uko kwa nani, bado ni mama Shako ama kaka alibadilisha kufuli? Stima ilikatwa ama mita bado inasoma? Lile tanki la nyuma linavuja ama ni mimi niliona umande? Na 4,000 imewakosea heshima, niambie ukweli, au mlitarajia hata zaidi ya hapo? Parachichi za ule mti ni za nani sasa hivi, kwa sababu watoto wa jirani niliwakuta juu yake wakajibu eti wametumwa?

Nahitaji neno kabla ya tarehe 25, landlodi anataka kila mmoja athibitishe kwenye grupu na wa chumba cha tano ameshaaga.

Msalimie shemeji, mwambie auze gari.

Wako,
Mkamburi

NB: Hii barua usimsomee kaka yote. Ile sehemu ya mchwa msomee mara mbili.