Mwanangu, babu alikuwa na shoka

Mwanangu mpendwa,

Karatasi zako kaka yako amenifikishia. Nimezisoma zote, za mwanzo mara mbili. Riwaya ya vizazi vinne na pori moja, na vizazi vyenyewe ni sisi! Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Umemfanya babu yangu mlinzi wa miti, mzee asiyevunja hata tawi, halafu kila kizazi baada yake kinaharibika kupita kilichotangulia. Sivyo ilivyokuwa. Ukiiacha hivyo utakuwa umempa yeye sifa zisizo zake na kutubebesha sisi lawama yote.

Babu alikata miti. Alikata akiwa kijana, miaka ya 1920, watu wa Shinyanga walipoitwa kupitia kwa watemi wao kufyeka pori kwa sababu ya mbung'o. Mbung'o walikaa vichakani, wakiua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Mzungu aliyekuwa akiwachunguza, Swynnerton, ndiye aliyepanga kazi, lakini mashoka yalikuwa yetu. Babu alitusimulia kwa fahari jinsi wanaume walivyojipanga mstari usioonekana mwisho, wakiimba, na pori likirudi nyuma. Kwake kila mti ulioanguka ulikuwa ndama aliyepona. Hebu iandike sura hiyo ukiwa upande wake. Msomaji atake pori lianguke, aumie baadaye.

Na babu huyohuyo alikuwa na ngitili. Mvua zikianza alifunga kipande cha malisho nyuma ya boma, asiingie ng'ombe hata mmoja mpaka kiangazi kikali, nyasi za kwingine zimekwisha. Hapo aliwafungulia kwanza ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, nawe usimtafutie.

Kwa baba yangu umerefusha mno. Alifyeka akapanda pamba, pesa ya pamba akanunua ng'ombe, ng'ombe wakataka malisho. Basi.

Unapopaswa kukaa ni baada ya 1974. Serikali ilipotuhamishia kijijini nilikuwa na miaka 12, na ngitili ikabaki kule mahameni bila mwenyewe. Kila mtu akachunga, kila mtu akakata. Wewe umeandika "kuni zikaadimika", ukapita. Mwanangu, maneno hayo mawili ni miaka kumi ya maisha yangu. Tulitoka alfajiri tukarudi jua la utosini, mzigo wenyewe hautoshi siku mbili. Tukikosa, tulipikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kijiti cha pamba kinawaka mara moja kimekwisha. Huwezi kuondoka jikoni hata kumnyonyesha mtoto, unasokomeza kimoja baada ya kingine, macho yanachuruzika kwa moshi. Maharage tuliacha kabisa kuyapika, maana yanakula kuni. Tukabaki na mlenda. Liandike hilo, kwamba miti ilipoisha hata chakula chetu kilibadilika.

HASHI, wale wa mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, walipoanza mwaka 1986 walikuja na miche kwenye viriba. Mingi niliyopanda mimi ilikufa. Kilichokubali ni kile cha babu: wazee walisema tufunge, tukafunga, sungusungu wakalinda, na aliyeingiza mifugo akatozwa faini. Mwaka wa kwanza tuliona nyasi tu. Wa pili, kwenye kisiki cha mgunga nilichozoea kukikalia nikipumzika na mzigo wangu, nikakuta vichipukizi vyembamba kama njiti za kiberiti, vina miba tayari. Miaka yote nilidhani kimekufa. Kumbe kila kilipochipua mbuzi walikila. Nilishindwa kukikalia tena, nikasimama na kuni zangu kichwani.

Wataalamu walihesabu kama hekta 600 za ngitili mkoani mwaka ule wa 1986, na zaidi ya hekta 300,000 ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000. Idadi hizo usiziweke kwenye riwaya. Kiweke kisiki.

Wala usifunge kitabu kwa vigelegele. Mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na sisi tunaookota kuni humo mara nyingi hatuulizwi ifunguliwe lini. Sura yangu uliyoniandikia imekwisha nikiwa nimeridhika. Sijaridhika.

Njoo Oktoba, kabla ya mvua, nikupeleke ukaione ngitili yenyewe.

Jambo la mwisho. Sura ya tatu umeweka mkaratusi uani kwa babu. Haukuwepo. Ulikuwa mgunga, na kiangazi mbuzi walikesha chini yake wakigombea matunda yaliyodondoka. Karatasi nazirudisha kwa basi la Ijumaa, nimeandika pembeni kwa penseli.

Mama yako