Daktari wa akili aende msibani

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa wa akili akijiua, daktari wake hupotea. Mazikoni haonekani, simu hapigi, na watu wa nyumba hiyo wanabaki kusema: kama hana lake jambo, mbona hakuja? Mimi nimefanya kazi ya uuguzi, na najua kinachomzuia mara nyingi ni hofu. Hajafundishwa aseme nini akifika pale.

Ombi langu ni kwa wanaowasomesha vijana wetu ubingwa wa magonjwa ya akili, iwe Muhimbili au kwengineko: kifo cha namna hii kiwe somo, tena la vitendo. Utafiti wa Chemtob na wenzake, Marekani, 1988, ulikuta asilimia 51 ya madaktari wa akili waliojibu wamewahi kumpoteza mgonjwa kwa kujiua. Basi asiambiwe kijana kwamba ni mkosi wake peke yake.

Huku kwetu swali la kwanza halitakuwa la dawa. Ataulizwa: maiti ataswaliwa? Daktari si mufti, lakini ajue kwamba wanavyuoni walio wengi, Imamu Shafi akiwemo, wamesema huswaliwa, ingawa kitendo ni dhambi kubwa. Ipo hadithi ya Mtume (S.A.W.) kutomswalia mtu aliyejiua, na hapakosi jirani wa kuwatajia wafiwa kabla hata ya hitma. Wanavyuoni hao wameifahamu kuwa ni onyo kwa walio hai. Daktari awe na sheikh wa kumpigia simu.

Halafu mjane. Eda ni miezi minne na siku kumi, na kwa mila zetu hatoki. Ukimwandikia tarehe ya kliniki, umeandika bure. Kwa tiba ana ruhusa, naam, lakini nani atasema hivyo mbele ya mawifi? Basi aendewe, na daktari mwanamke au muuguzi, aulizwe usingizi wake na kama naye anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Watoto nao waambiwe kweli kwa kadiri ya umri wao. Skuli watayasikia tu. Siri za marehemu zibaki siri.

Na daktari kijana aulizwe hali yake na mwalimu siku ile ile. Nimewaona wakiulizwa faili kwanza.

Wanaohitimu wapangwe Pemba pia. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja. Mfiwa wa Konde hapandi boti kwenda kumsimulia msiba wake mtu asiyemjua.

Muuguzi mstaafu,
Chake Chake, Pemba