Julai 1914: barua kwa Baba Mkubwa, Tabora

Vienna, Austria

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba goti la Mama Mkubwa limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, kazi zinaendelea, watoto wamefunga shule na joto la mwaka huu limetufanya tulale madirisha wazi.

Siku ya arobaini ya Shangazi, nilipopiga simu, uliniuliza jambo ambalo nisingeweza kulijibu katikati ya zile kelele za watu na sufuria. Ulisema: "Wewe unakaa kwa haohao. Hebu waulize, vita yao ile waligombania nini, hata babu yangu akabebeshwa mizigo akarudi hana vidole vya miguu?" Vita hiyo ndiyo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nimeuliza, nimesoma, na mengine nimekwenda kuyaona kwa macho yangu. Naandika kwa kirefu. Mjukuu wako akusomee taratibu, hata kwa siku mbili.

Katika mji huu kuna makumbusho ya jeshi, jengo kubwa la matofali. Ndani yake limehifadhiwa gari alilopanda Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, Jumapili ya tarehe 28 Juni 1914 huko Sarajevo. Ni gari la wazi, refu, na tundu la risasi bado linaonekana ubavuni. Karibu yake, nyuma ya kioo, lipo koti lake la kijeshi la rangi ya buluu. Limepasuliwa, kwa sababu waliomhudumia walikuwa wanatafuta jeraha, na damu imeacha madoa ambayo miaka yote hii haijayafuta. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliyempiga risasi alikuwa kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip. Yeye na wenzake waliitaka Bosnia itoke mikononi mwa Austria, na silaha zao zilitoka Serbia. Asubuhi ile mwenzake mmoja alirusha bomu likamkosa mkubwa yule. Baadaye dereva akakata kona isiyo yake, akasimamisha gari ili arudi nyuma, na Princip alikuwa pale pale. Risasi mbili zikamuua Franz Ferdinand na mkewe Sophie. Waliacha watoto watatu.

Wengi huku husema vita ilianza siku ile. Mimi baada ya kusoma sikubaliani nao, na hilo ndilo hasa nataka ulijue, Baba Mkubwa. Tangu risasi zile mpaka Austria ilipotangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, mwezi mzima ulipita. Mwezi ule wakubwa waliutumia kupanga, kuficha na kwenda likizo.

Tarehe 5 Julai balozi wa Austria alikula chakula na Kaisari Wilhelm wa Ujerumani huko Potsdam. Kaisari akaahidi kwamba Austria ikiamua kuipiga Serbia, Ujerumani itakuwa nyuma yake hata Urusi, rafiki wa Serbia, ikiingilia. Kesho yake akapanda jahazi lake la kifahari kwenda kutembea pwani ya Norway. Mkuu wa majeshi yake, Moltke, alikuwa kwenye mji wa maji ya tiba. Huku Vienna waliotaka vita walishindwa kuianza mara moja, kwa sababu waziri mkuu wa Hungaria, nusu ya pili ya dola hiyohiyo, Tisza, aliipinga mpaka katikati ya mwezi. Isitoshe, askari wengi walikuwa wamepewa ruhusa ya kwenda makwao kuvuna, na ruhusa hizo zilikuwa zinaisha tarehe 25. Hapo moyo wangu uliuma. Wakulima wale waliachwa wamalize kuvuna, wala hawakujua wanasubiriwa kwa ajili ya nini.

Na dunia nyingine? Dunia ilikuwa na mambo yake. Mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa yalianza siku ileile ya mauaji ya Sarajevo, yakaendelea mpaka tarehe 26 Julai bila wasiwasi. Paris yote ilikuwa inafuatilia kesi ya mke wa aliyekuwa waziri wa fedha, Caillaux, aliyempiga risasi mhariri wa gazeti. Mahakama ikamwachia huru tarehe 28, siku ileile Austria ilipotangaza vita. London ilishughulishwa na Ireland, ambako ilionekana Waprotestanti na Wakatoliki watachinjana wakati wowote. Petersburg, mji mkuu wa Urusi, wafanyakazi waligoma mitaani huku Rais wa Ufaransa, Poincaré, akiandaliwa karamu na Tsar, mfalme wa Urusi. Na huko Vancouver, Kanada, meli iliyoitwa Komagata Maru, yenye abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga, ilifukuzwa bandarini tarehe 23 Julai baada ya kuzuiwa miezi miwili. Walikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, wakakataliwa kushuka katika nchi ya mfalme huyohuyo. Miezi michache tu baadaye, Novemba, Wahindi wengine walipakiwa melini wakaletwa Tanga kufa kwa ajili yake. Hili nimeshindwa kuliacha bila kuliandika.

Tarehe 23 Julai hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, balozi wa Austria mjini Belgrade, mji mkuu wa Serbia, alikabidhi barua ya masharti. Walikuwa wamesubiri kwa makusudi Poincaré aondoke Urusi, ili Mfaransa na Mrusi wasiweze kushauriana ana kwa ana. Serbia ilipewa saa 48 kujibu. Masharti yalikuwa kumi, na mojawapo lilitaka maofisa wa Austria waingie Serbia kushiriki uchunguzi wa mauaji. Waziri mkuu, Nikola Pašić, alikuwa nje ya mji kwenye kampeni za uchaguzi. Barua ikapokewa na waziri wa fedha.

Jumamosi tarehe 25, dakika chache kabla ya muda kwisha, Pašić alikwenda mwenyewe na jibu mkononi. Serbia ilikuwa imekubali karibu kila kitu, ila lile sharti la kushiriki uchunguzi. Balozi alilipitisha macho, akaona si kukubali moja kwa moja. Mizigo yake ilikwisha kufungwa. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ndani ya treni, akiondoka na watu wake. Baba Mkubwa, nusu saa! Wewe umeamua kesi za mashamba maisha yako yote, na sijawahi kukuona ukimfukuza mtu aliyekuja na jibu kabla hujamkalisha.

Kinachouma zaidi ni kwamba Kaisari, aliporudi kutoka Norway na kulisoma jibu la Serbia asubuhi ya tarehe 28, aliandika kwamba sasa hakuna tena sababu ya vita. Lakini alikuwa amechelewa. Siku hiyohiyo mfalme mzee wa Austria, Franz Joseph, mwenye miaka 83, alitia saini akiwa likizoni Bad Ischl, na vita ikatangazwa kwa telegramu. Baada ya hapo kila mmoja aliogopa mwenzake asimtangulie. Tarehe 30 Urusi ikaita majeshi yake yote. Kaisari na Tsar walikuwa ndugu wa ukoo, wakaandikiana telegramu usiku na mchana, wakiitana Willy na Nicky, kila mmoja akimsihi mwenzake asimamishe. Hakuna aliyesimamisha.

Usiseme watu wote walikuwa wanashangilia. Katika miji ya Ujerumani maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waliandamana siku zile kupinga vita. Ufaransa alikuwapo Jean Jaurès, kiongozi wa wasoshalisti, aliyepigania amani mpaka dakika ya mwisho. Ijumaa jioni ya tarehe 31 Julai alikuwa anakula kwenye mkahawa mjini Paris, amekaa kuipa mgongo dirisha, kijana mmoja mzalendo wa kupindukia akampiga risasi akafa. Kesho yake Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, tarehe 3 Agosti dhidi ya Ufaransa, na tarehe 4 Uingereza ikaingia.

Sasa nije kwetu. Mwezi uleule, Dar es Salaam ilikuwa inajiandaa kwa sherehe. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka, na Wajerumani walipanga maonyesho makubwa Agosti kuisherehekea. Ni reli hiyohiyo inayopita hapo Tabora. Manowari yao, Königsberg, iliingia bandarini mwezi Juni, na watu wa pwani wakaiita manowari na bomba tatu. Tarehe 31 Julai, siku ileile aliyokufa Jaurès, manowari ile ilitoka bandarini kimyakimya isije ikazibiwa ndani na Waingereza. Maonyesho hayakufanyika. Tarehe 8 Agosti meli ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo hapo Dar es Salaam, na wiki iliyofuata Wajerumani wakavuka mpaka wakaiteka Taveta.

Kuna karatasi moja ambayo nilitamani sana uione. Mwaka 1885, mataifa ya Ulaya yalipokaa Berlin kugawana Afrika, yaliandika pia kwamba vikitokea vita kati yao, nchi za bonde la Kongo na zile zinazopakana nalo hadi Bahari ya Hindi zinaweza kuachwa nje ya vita, pande zote zikikubali. Sisi tulikuwa ndani ya mipaka hiyo. Gavana Schnee alitaka kuitumia karatasi ile, angalau miji isalimike. Kamanda wake, Lettow-Vorbeck, aliyefika kwetu Januari ya mwaka huohuo, alitaka kinyume chake: apigane ili Waingereza walazimike kuleta askari na mali Afrika badala ya kuzipeleka Ulaya. Waingereza nao walizitaka bandari na ule mnara. Hivyo waliotugawa bila kutuuliza walikuwa wameacha mlango mmoja tu wa kutuokoa, na wote wawili wakaufunga.

Hili ndilo jibu la swali lako. Nimesoma mambo ya Julai ile siku baada ya siku, barua za mabalozi, telegramu za wafalme, na hakuna mahali nilipoona Tabora, wala Unyamwezi, wala mtu yeyote wa kwetu akifikiriwa. Hawakuwa na ugomvi wowote nasi. Babu yako alichukuliwa kwa ajili ya kesi ambayo hakuna aliyemtaja ndani yake.

Na gharama yake unaijua kuliko mimi. Nchi yetu ilikuwa na mbung'o, punda na ng'ombe wa kubebea mizigo walikufa njiani, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likapanda kichwani kwa mtu. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, na juu yake sufuria yake na mkeka wake. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Wajerumani hawakutunza hesabu ya maana. Vidole vya babu yako sidhani vilikatwa na risasi: wapagazi wengi walivipoteza kwa funza, kwa sababu walitembea peku miezi na miezi bila nafasi ya kupumzika na kuwatoa.

Sasa nina ombi. Tunamkumbuka kama "aliyechukuliwa na Wazungu", lakini Wazungu gani? Mpaka Septemba 1916 Tabora ilikuwa ya Wajerumani. Tarehe 19 mwezi huo Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia mjini, na wao pia wakachukua wapagazi, wengine wakapelekwa mpaka Mahenge mwaka 1917. Je, katika hadithi zake alikuwa anataja Mahenge? Alikuwa akisema maneno ya Kiswahili cha Kongo, au wimbo wowote wa safari? Aliondoka akiwa ameshaoa, au Bibi alimkuta amerudi? Nani aliondoka naye hapo kijijini asirudi? Bibi mdogo wa Urambo bado ana kumbukumbu nzuri, naomba mjukuu wako aende naye kwa upole, amrekodi kwa simu, asimkatize hata akirudia maneno. Na majina yote atakayoyataja yaandikwe, hata kama hatujui ni ya ukoo gani.

Pesa kidogo ya nauli ya Urambo nitaituma mwisho wa wiki, pamoja na ya dawa ya Mama Mkubwa. Wasalimie wote nyumbani, na majirani upande wa msikitini. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi mwanao,
Vienna