Sahibu yangu anadhani macho yake yameharibika

Assalaamu alaykum mshauri wetu,

Mimi ni askari, naishi Unguja, na nimo katika timu ya kulenga shabaha ya kikosi chetu. Naomba jina langu lisitajwe.

Timu yetu tunapendana na utani haukosekani. Ukichelewa unakuta kitako cha bunduki yako kimepakwa dawa ya viatu, ukikiegemeza shavu unaondoka na weusi mpaka sikioni. Utani mwengine una faida hasa: mwenzako anakuchomekea risasi bandia katikati ya zile za kweli. Ukivuta kifyatulio na isilie, mtutu unazama wenyewe, kila mtu anaona kuwa unaogopa mshindo. Mie nimejifunza kutulia kwa njia hiyo. Dau nalo lilikuwa urojo tu, mwenye alama chache anawanunulia wenzake jioni.

Siku hizi imekuwa pesa. Wanne tunatoa shilingi 5,000 kila mmoja, mshindi anabeba zote. Wenzangu wanasema Mtume (S.A.W.) ameruhusu tuzo katika mishale, ngamia na farasi, na bunduki ndiyo mshale wa leo. Ami yangu aliyesoma anasema hadithi ipo, lakini wanavyuoni wengi wanataka tuzo itoke kwa mtu wa nje au kwa upande mmoja. Wote wakiweka na mmoja akabeba, hiyo wanaiita kamari.

Roho ilishaanza kusita, kisha nikafanya hili.

Mwezi uliopita tulikuwa uwanjani, bunduki chini, magazini zimetolewa, chemba wazi. Sahibu yangu, Mpemba wa Wete, ndiye mpigaji bora kwetu. Alishakagua saiti yake, yaani kilengeo cha bunduki, akageuka kujiziba masikio kwa pamba. Nikainama, nikakisogeza kidude cha saiti ya nyuma kutoka namba 1 hadi 4. Shabaha iko mita 100, bunduki inapiga kama iko mita 400. Risasi zake zote zikaenda juu. Nilikusudia kumwambia tukimaliza mzunguko ule, tucheke. Kabla sijafungua kinywa, ofisa akatangaza kuwa alama za siku ile ndizo za kuchagulia timu ya mashindano. Nikanyamaza. Bunduki zilipokusanywa nikairudisha saiti mahala pake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pale utani ulikuwa umekwisha.

Yeye ameachwa. Nafasi yake nimepewa mie.

Kila jioni, kabla ya silaha kurejeshwa ghalani, namuona amelala kifudifudi anafanya mazoezi bila risasi, sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu, anavuta kifyatulio polepole. Sarafu haianguki hata mara moja. Kisha ananiuliza mie: "Sahibu, siku ile nilikuwa na nini?" Juzi kaenda kupima macho. Kaambiwa hana tatizo, naye haamini.

Nikimwambia yeye kwanza, namjua, atanisitiri na hatodai nafasi yake. Nikienda kwa ofisa, dau litajulikana na yeye ataadhibiwa pamoja nasi, wakati aliyegusa silaha ya mwenziwe ni mimi. Zile shilingi 20,000 za dau la siku ile nimeziweka kwenye bahasha, sijazigusa.

Nianze kwa nani? Majina yanapelekwa Jumatatu.

Askari, Unguja