Malengelenge si ushahidi wa usaliti

Mhariri,

Katika safu yenu ya ushauri, mama mmoja mwenye malengelenge ya sehemu za siri alijibiwa kwamba bila shaka mumewe ametoka nje ya ndoa. Naomba jibu hilo lisahihishwe. Ndoa yangu ilikaribia kuvunjika kwa maneno kama hayo.

Mume wangu alitokwa na vipele vidogo vya maji, vimejikusanya mahali pamoja. Vikapasuka, vikawa vidonda, haja ndogo ikawa adhabu. Mawifi wakanijia juu: nimeyatoa wapi? Mimi sikuwa na hata kipele. Basi wa kwetu nao wakasema mhuni ni yeye. Tukawa tunalala tumepeana migongo.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuokoa. Alitueleza kuwa virusi vya herpesi, ndivyo vinavyoleta malengelenge haya, vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha kwenye neva karibu na uti wa mgongo, vikalala hata miaka, kisha vikaamka. Wengi walio navyo hawaoni dalili yoyote, au huona mchubuko wakadhani ni wembe. Na ngozi isiyo na kidonda inaweza kuambukiza. Tulipopima damu, sote wawili tulikuwa navyo. Nani alimwambukiza mwenzake, na lini, kipimo hakisemi. Huenda mmoja wetu alikuja navyo kabla hatujajuana.

Tena kuna aina ile ya herpesi iletayo vidonda vya mdomoni, ambayo watu wengi huipata utotoni. Nayo hufika sehemu za siri kwa ngono ya mdomo. Hapo usaliti uko wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya mtu 1 kati ya 5 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 ana herpesi ya sehemu za siri. Hao wote si wazinzi!

Mama yule alihitaji kuambiwa haya: wasikutane kimwili tangu ngozi inapoanza kuwasha au kuchoma hadi vidonda vikauke kabisa; kondomu hupunguza hatari ingawa haifuniki ngozi yote; zipo dawa za kumeza kila siku zinazopunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenza. Na kama ni mjamzito, amwambie mkunga mapema, kwa sababu maambukizi mapya karibu na kujifungua ni hatari kubwa kwa mtoto.

Mjibuni upya, katika safu ile ile, kabla hajafungasha virago.

Msomaji wenu, mke na mama