Mfumo mpya wa kompyuta uchorwe kabla ya kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kampuni nyingi hulipuuza zinapobadili mfumo wao wa kompyuta, nalo ni kuchora mchakato mzima wa mabadiliko hayo kabla mkataba haujatiwa saini. Kinachoitwa ramani ya mradi mara nyingi ni ratiba ya mkandarasi tu: programu itasimikwa lini, wafanyakazi watafundishwa lini, mfumo utawashwa lini. Ratiba hiyo haielezi kazi inavyofanyika leo, wala haisemi nani atawajibika kwa lipi siku mfumo wa zamani utakapozimwa.

Kuchora kazi si jambo geni. Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha michoro yao ya michakato mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1921, na leo zipo alama za BPMN, yaani alama sanifu za kuchorea michakato ya kazi, ambazo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2011. Lakini alama nzuri hazimfai anayechora kisichokuwapo. Mchoro ukitokana na mwongozo uliofungiwa kabatini, utaonyesha ankara ikipokewa, ikiidhinishwa na kulipwa. Ukitokana na kukaa na mtunza stoo pamoja na karani wa malipo, utaonyesha kwamba ankara isiyo na namba ya oda huwekwa pembeni, muuzaji hupigiwa simu, na deni huandikwa kwenye lahajedwali ambalo mkuu wa idara hajawahi kuliona. Lahajedwali hilo ndilo linaloibeba kazi, na ndilo litakalosahaulika data zitakapohamishwa.

Kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliachana mwaka 2018 na mfumo wa SAP (programu ya kuendeshea shughuli za kampuni) iliouandaa tangu mwaka 2011, kwa gharama ambayo vyombo vya habari viliikadiria kuwa euro milioni 500 hivi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulijengwa juu ya bei ya kuuzia, nayo ikaamua kuubadili mfumo badala ya kubadili mazoea yake. Sidai kwamba mchoro peke yake ungeiokoa. Nasema tofauti ya namna hiyo ni rahisi kuijadili ingali kwenye karatasi kuliko baada ya kugeuzwa kuwa maelfu ya mistari ya programu.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni pale kazi inapovuka kutoka idara moja kwenda nyingine, kwa kuwa hapo kila upande huamini mwenzake ndiye anayehakiki. Nani ataamua kama majina matatu yanayofanana katika orodha ya wauzaji ni muuzaji mmoja? Idara ya TEHAMA itasema ni data za uhasibu, na uhasibu utasema ni suala la kompyuta.

Nimeona pia michoro yenye rangi za kupendeza isiyokuwa na hata mshale mmoja unaorudi nyuma, kuonyesha la kufanya mambo yakiharibika. Benki ya TSB ya Uingereza ilipohamia mfumo mpya mwezi Aprili 2018, wateja wengi walishindwa kufikia akaunti zao, na mwaka 2022 wasimamizi wa sekta hiyo waliitoza faini ya jumla ya pauni milioni 48.65. Ramani ya mabadiliko haina budi kutaja kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya kusitisha uhamaji, saa ya mwisho anayoweza kufanya hivyo, na njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani bila kupoteza miamala iliyokwisha kuingizwa.

Tena mchoro huo usikunjwe siku mfumo unapozinduliwa. Makosa mengi hujitokeza hesabu za mwezi zinapofungwa, hivyo ningependekeza sehemu ya mwisho ya malipo ya mkandarasi izuiliwe hadi mwezi wa kwanza ufungwe ndani ya mfumo mpya, na salio lake lilingane na kumbukumbu za zamani.

Wako,
Mchambuzi wa mifumo