Shemeji, hiyo 26 ya mwanao haikutoka hewani

Shemeji yangu wa Ujiji,

Salaam, na pole na pilikapilika za dagaa. Umeuliza kama umtafutie mtoto tuisheni kwa sababu 32 kutoa 18 kaandika 26. Usiharakishe. Litazame kwanza jibu lenyewe.

Kwenye mamoja kakuta 2 juu, 8 chini. Kaona haitoki, kageuza: 8 toa 2, sita. Kwenye makumi, 3 toa 1, mbili. Huyo hakubahatisha. Ana kanuni yake, "kubwa toa dogo", na ilimfaa vizuri darasa la kwanza, maana huko tarakimu kubwa ilikuwa juu. Mpe 41 toa 17, 53 toa 26 na 60 toa 24. Akikuletea 36, 33 na 44, basi umeikamata kanuni, na hapo kumwambia "soma kwa bidii" hakusaidii kitu: bidii anayo, anaitumia kwenye kanuni mbovu.

Jean Piaget, mwanasaikolojia Mswisi aliyeishi 1896 hadi 1980, alivutwa na jambo hilihili: watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna zinazofanana. Alisema kati ya miaka 7 na 11 hivi mtoto hufikiri kwa mpangilio mzuri, ila juu ya vitu anavyoweza kuvishika au kuviona. Miaka hiyo si ratiba ya treni ya Tabora. Mwingine huwahi, mwingine huchelewa. Lakini wa darasa la pili kumpa tarakimu tupu na neno "kopa" ni kumtaka akariri. Anakopa kwa nani? Analipa lini?

Chukua njiti za ufagio 32, zikatwe urefu mmoja. Funga mafungu matatu ya kumi kumi kwa mpira, mbili ziachwe. Azihesabu na kuzifunga yeye, ili asiwe na shaka kwamba fungu lina kumi. Mwambie: "Nipe 18." Atatoa fungu moja na njiti mbili, kisha atakwama. Nyamaza. Mkono wako usiguse fungu, hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Akikwama sana, muulize tu, "Njiti nyingine ziko wapi?" Atafungua fungu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa chochote, 32 yake ilikuwa sawa na mafungu 2 na njiti 12. Akitoa nane zinabaki nne, na fungu moja likishatoka linabaki moja: 14.

Kuandika kuende sambamba na mikono. Mpira unapofunguka, palepale akate 3 aandike 2, na ile 2 ya mamoja iwe 12. Ukimwachia acheze njiti leo, daftari kesho, atakuwa na hesabu mbili zisizojuana. Njiti zikizoeleka, achore: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Tarakimu peke yake zije mwisho. Mfuatano huo wa matendo, picha, kisha alama ni wa Jerome Bruner, mwanasaikolojia Mmarekani, aliyeueleza miaka ya 1960.

Sarafu usianze nazo. Noti ya 1,000 haionyeshi kwamba ndani yake mna sarafu kumi za 100. Mtoto anaambiwa tu aamini. Ila kama anakaa nawe kwenye meza yako ya dagaa Kibirizi na kurudisha chenji, usidharau ujuzi huo. Mwaka 1985 watafiti watatu walieleza habari za watoto watano wauzaji wa mitaani Recife, Brazil: kwenye biashara yao walipatia asilimia 98 ya maswali, na hesabu zilezile zilipoandikwa tupu wakapatia asilimia 37. Akikwama na 50 toa 24, muulize kwa lugha ya mafungu ya dagaa.

Akinong'ona au kuhesabu vidole, mwache. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alieleza kwamba maneno hayo ya kujisemea ndiyo baadaye huingia ndani na kuwa fikra. Ukimnyamazisha unamnyang'anya chombo. Na akijisemea kwa Kiha ni sawa kabisa. Bibi yake pia amwelekeze kwa Kiha, kisha waandike.

Kuna na lile swali lako la "Una uhakika?". Ukiitamka akikosea tu, mtoto ataisikia kama "umekosea", na siku ukimuuliza akiwa amepatia atabadilisha jibu. Watafiti waliorudia majaribio ya Piaget mwaka 1974 waliona kwamba kumuuliza mtoto swali lilelile mara mbili kwenyewe kunaweza kumfanya abadili jibu. Basi muulize "umejuaje?" akipatia na akikosea, kwa sauti ileile.

Maswali manne au matano kwa jioni yanatosha, moja liwe lisilohitaji kufungua fungu, kama 47 toa 23. Usipolichanganya, atafungua fungu kila mara hata pasipo haja, nawe utakuwa umempa kanuni nyingine mbovu. Zile zenye sifuri, kama 60 toa 24, zije baada ya hizo, maana pale hakuna hata njiti moja ya kuanzia.